Bati Lisilale Wazi: Kutayarisha Bodi ya Gari Kuukuu Kabla ya Rangi

Pijo ya baba yangu, pikapu ya 504 iliyounganishwa hapahapa Mombasa, ilipakwa rangi upya mara moja kabla sijaishika mimi. Gereji iliyopewa kazi ilikwangua gari zima kwa siku mbili, kisha ikaliacha siku tatu chini ya kibanda cha makuti ikingojea rangi iletwe. Ilikuwa vuli, na bahari haikuwa mbali. Bati likageuka rangi ya chai. Mafundi wakalipangusa kwa kitambaa chenye thina, wakapiga praima ya kijivu, ile rangi ya chini, wakapiga puti ya kusawazisha, wakamalizia na rangi nyeupe iliyong'aa kama kauri. Baba alifurahi. Mwaka haujaisha, vipele vikaanza kuchomoza juu ya magurudumu ya nyuma na kando ya kioo cha mbele. Nilikitoboa kimoja kwa ncha ya bisibisi, nikakuta unga wa kutu na tone la maji.

Rangi ile ilikuwa nzuri na mpulizaji alijua kazi yake. Zile siku tatu ndizo zilizoiua. Nilipolifungua gari lile tena, safari hii kwa mikono yangu, nilijiwekea sharti moja, nalo ndilo linaloongoza kila hatua hapa chini: vua kipande unachoweza kukivisha leo. Ukikwangua madigadi asubuhi, jioni liwe limeshapigwa epoksi, yaani praima ya makopo mawili inayozuia maji. Kama huna uhakika wa kufika huko, usianze.

Ukiwa Nairobi au Arusha una nafasi ya kupumua kidogo. Pwani huna. Chuma kinahitaji hewa na maji ili kishike kutu, na maji hayo si lazima uyaone. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi unatosha kuanzisha kazi. Penye chumvi mambo huanza mapema zaidi, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya bati hata pale unapoamini pamekauka. Gari la miaka ya 1970 kwa kawaida ni chuma kitupu chini ya rangi, halina ganda la zinki kama magari mengi ya siku hizi. Ukishaondoa rangi, hakuna kingine kinacholilinda.

Kagua kabla ya kugusa msasa

Chukua sumaku ndogo, ivishe kitambaa chepesi isikwaruze, uipitishe bodi nzima polepole. Inapolegea, chini yake pana puti nene. Gonga kwa vifundo vya vidole: bati hulia, puti hunyamaza. Kisha chukua bisibisi na usione huruma. Dunga chini ya milango, kwenye vizingiti unavyokanyaga ukiingia, matao ya magurudumu, sakafu chini ya zulia, chini ya betri, na pembe za chini za madigadi ya mbele ambako matope hukaa miaka bila kuoshwa. Panapotoboka, pamekwisha. Pakatwe hadi bati zima na kuchomelewa kipande kipya, na hilo lifanyike kabla ya yote haya. Kitambaa cha faiba na gundi juu ya tundu la kutu ni kuficha maiti ndani ya nyumba. Ukichomelea, ondoa betri, na tangi la mafuta likae mbali kabisa na cheche.

Toa mipira ya vioo. Najua ni kazi ya kuchosha na mpira mkavu hukatika, lakini kutu inayoanzia chini ya mpira wa kioo cha mbele haitibiki kwa kupaka rangi pembeni yake. Pijo ya baba ilikuwa imepakwa na mipira ikiwa mahali pake, imezungushiwa utepe wa karatasi, na vipele vya kwanza vilitokea papo hapo.

Zibua pia matundu ya kutolea maji chini ya milango. Ni madogo, ncha ya kidole haipiti, na tope likiyaziba mlango hugeuka ndoo.

Chagua siku, kisha chagua saa

Kwangu mimi miezi ya kazi hii ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba. Masika naiacha kabisa. Katikati ya kusi inawezekana, ila uwe na banda lenye kuta, kwa maana upepo wa bahari unabeba chumvi laini ambayo huioni mpaka ulambe bati.

Ndani ya siku, usipige praima asubuhi na mapema. Bati lililolala nje hupoa usiku kuliko hewa, na umande hulikalia hata pasipo kuonekana matone. Kuna hesabu ya kichwani inayosaidia. Toa kiasi cha unyevu kwenye 100, gawanya kwa 5, kisha jibu litoe kwenye joto la hewa. Utapata joto ambalo umande huanza kutua. Hewa ikiwa na digrii 31 na unyevu asilimia 75, unapata 25 gawanya kwa 5, yaani 5. Umande unatua kwenye digrii 26. Bati linatakiwa liwe na joto zaidi ya hapo kwa digrii 3 au zaidi, yaani 29 kwenda juu. Na unyevu ukipita asilimia 85, weka bunduki ya rangi chini. Kipimo kidogo cha joto na unyevu cha kutundika ukutani kinatosha.

Huna kipimo? Pangusa bati kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, utazame. Kama alama ya maji inakawia zaidi ya robo saa kukauka, hewa imeshiba, subiri. Mimi hukwangua kuanzia asubuhi, na praima huipiga kati ya saa tano na saa tisa mchana, chini ya kivuli. Bati lililochomwa na jua moja kwa moja lisipakwe. Praima hukauka kabla haijatandaa.

Kukwangua

Rangi kuukuu huenda ikawa na madini ya risasi, na praima za zamani huenda zikawa na kromati. Zote mbili ni sumu ukizivuta, na vumbi lake unalibeba nyumbani kwenye nguo ukawape watoto. Vaa barakoa ya vichujio, si kitambaa cha kufunga mdomoni. Miwani, glavu, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kwa gari moja nyumbani, msasa unatosha. Anza na namba 80 kwenye mashine inayozunguka taratibu, ukiisogeza muda wote. Bati la bodi halifiki milimita moja unene. Ukiibana grinda mahali pamoja linapata moto, linavimba, na likipoa halirudi lilivyokuwa. Boneti na paa, kwa kuwa ni bapa, huharibika upesi kuliko sehemu zenye mikunjo. Gusa bati kwa kiganja chenye glavu kila baada ya muda. Pakichoma, hamia upande mwingine.

Brashi ya waya inadanganya watu wengi. Inang'arisha bati na unaona kazi imekwisha, kumbe imepangusa kutu na kuisukumia ndani ya vishimo, na juu imeacha uso laini ambao praima haina pa kushika. Itumie kuondoa magamba makubwa, kisha rudi na msasa.

Dawa ya kubabua rangi inafaa kwenye paneli kubwa iliyofunguliwa na kuwekwa uani, mahali penye hewa. Zile kali za zamani mvuke wake umewahi kuua watu waliofanya kazi chumbani wamefunga madirisha. Usiitumie ndani ya gari wala ndani ya banda lililozibwa. Iweke mbali na mikunjo na maungio, kwa sababu inayoingia humo haioshwi ikatoka, na miezi baadaye itainua rangi yako mpya kutoka ndani.

Kupuliza mchanga kwa kompresa kunafaa chesisi, rimu, bawaba na vyuma vinene. Kwenye milango na boneti kunapinda bati. Na nisisitize hili kwa watu wa pwani: mchanga wa baharini usikaribie gari. Chumvi yake inapigiliwa ndani ya chuma kwa nguvu ya hewa. Hata mchanga wa mto, ambao hauna chumvi, vumbi lake laini linaharibu mapafu yasipone tena. Kazi ya kupuliza mpelekee mwenye chumba na vifaa vyake.

Ukishaona chuma kitupu kila mahali, malizia na msasa namba 120 au 180. Hapo utapata mikwaruzo ya kiasi, ambayo epoksi inashika vizuri.

Kutu iliyojificha kwenye vishimo

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Bati linang'aa, lakini ukilitazama kwa tochi iliyolazwa pembeni unaona vidoa vyeusi kama mbegu za ufuta. Hivyo ni vishimo, na chini yake kuna kutu hai. Kwa gari la pwani kuna na chumvi ndani yake. Dalili ya chumvi ni hii: unakwangua, unasafisha, unaacha saa chache, ukirudi vidoa vilevile vimelowa au vimepata duara la rangi ya chungwa, huku bati la pembeni bado jeupe. Msasa hauondoi chumvi, na thina haiyeyushi chumvi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha.

Kwa hiyo osha bati kwa maji. Najua inashangaza kusikia hivyo baada ya yote niliyosema juu ya unyevu, lakini maji ya dakika kumi yanayofuatwa na kukausha hayaleti madhara ya chumvi inayokaa miaka. Tumia maji ya moto, sugua vishimo kwa brashi ya nailoni ngumu, suuza, rudia mara mbili au tatu. Na maji yenyewe yaangalie: visima vingi vya Mombasa ni vya chumvi, na ukioshea maji hayo umefanya kazi ya kinyume. Mimi hukinga ya mvua kwenye pipa. Ya kunywa ya chupa nayo yanafaa, na madigadi moja halimalizi lita tano.

Kausha mara moja kwa hewa ya kompresa, ukifuata mikunjo yote, kisha kwa kikaushio cha moto. Bati linaweza kupata ukungu wa manjano mbele ya macho yako. Usiogope, huo unaondoka kwa kupitisha msasa namba 120 kwa mkono. Kutu ya dakika tano iko juu. Kutu ya miaka mitano ina mizizi.

Baada ya hapo ndipo dawa ya kutu inapoingia. Nyingi zina asidi ya fosfori, ambayo inakula kutu na kuacha juu ya chuma ngozi nyembamba ya kijivu. Ipake kwenye vishimo tu, iweke ikiwa mbichi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ukisugua, na usiiache ikaukie. Ikianza kukauka ongeza nyingine juu, ndipo uisuuze kwa maji mengi. Mabaki ya asidi yanazuia epoksi isikomae, na praima inayobaki laini chini ya rangi itakutesa. Ukiona unga mweupe baada ya kukauka, hukusuuza vya kutosha; lowesha tena kwa dawa, sugua, suuza, kausha, halafu msasa mwepesi.

Aina nyingine ya dawa hugeuza kutu kuwa nyeusi kwa tanini na hubaki hapohapo bila kuoshwa. Naitumia ndani ya vizingiti na mahali mkono hausafishi. Juu ya boneti siiweki, kwa maana inageuza kutu ya juu tu na ya chini inaendelea.

Asidi ya betri msiitumie. Wala asidi ya kusafishia vyoo. Ya pili huacha kloridi, yaani ndugu wa ileile chumvi uliyotoka kuiosha.

Kwa vipande vinavyofunguka, kama bawaba, mabano, vishikio vya taa na bamba la betri, nina njia mbili nazipenda kwa kuwa ni rahisi na hazili chuma kizima.

Ya kwanza ni molasi. Inauzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, maana wafugaji huwapa ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na tisa za maji kwenye pipa la plastiki, zamisha vipande, funika, ukae wiki moja hadi mbili. Inanuka, na inzi wataijua njia. Lakini ukitoa kipande na kukipulizia maji, kutu inatoka kama tope na chuma kinabaki kijivu safi, hadi ndani ya nyuzi za skrubu. Usitie aluminiamu humo wala kitu cha zinki.

Ya pili ni umeme. Unahitaji pipa la plastiki, chaja ya betri ya volti 12, na soda ya magadi iliyosafishwa, kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne za maji. Magadi ya mabonge ya sokoni yaache jikoni, yana chumvi ndani. Waya hasi wa chaja ufungwe kwenye kipande chako, na waya chanya kwenye chuma chakavu, nondo kwa mfano, visigusane. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya. Maji yatapata sumu ya kromu. Gesi inayotoka ni haidrojeni na inalipuka, kwa hiyo fanya nje, na zima chaja kabla ya kugusa waya. Springi na bolti za kazi nzito zisiingie humo, hudhoofika.

Vipande vikitoka, kwa njia yoyote, vitapata kutu ndani ya dakika. Weka ndoo ya maji safi, kompresa na praima tayari kabla ya kuvitoa.

Kuondoa mafuta

Kuanzia hapa usiguse bati kwa mkono mtupu. Jasho ni chumvi na mafuta kwa pamoja, na nimewahi kuona alama za vidole vitano zikijitokeza kama kutu chini ya praima nyembamba.

Chukua vitambaa viwili vyeupe vya pamba vilivyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo. Cha kwanza kiloweshe dawa ya kuondolea mafuta na nta, pangusa eneo dogo, kiasi cha kurasa mbili za gazeti. Kabla halijakauka, fuata na cha pili kikiwa kikavu. Ukiacha dawa ikauke yenyewe, mafuta yaliyoyeyuka yanatua palepale yalipokuwa. Geuza kitambaa mara kwa mara, na rudia mpaka kile cheupe kibaki cheupe.

Petroli haifai. Ina viungo vinavyobaki juu ya bati, na moto wake hauombi ruhusa. Thina ya bei rahisi ya kuoshea bunduki mara nyingi imechanganywa na iliyokwisha tumika, inaacha utando. Stiliwulu nayo ina mafuta ya kiwandani, isitumike hapa mwisho.

Ukiwa na shaka, nyunyiza maji safi kidogo. Yakitandaa kama shuka bila kukatika, bati ni safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la myugwa, kuna mafuta bado. Kausha, rudia.

Praima gani?

Praima ya kijivu ya kopo moja, ile ya kuchanganya na thina tu, ina vitundu. Inapitisha unyevu kama kitambaa. Gari likipakwa hiyo na kusubiri rangi wiki mbili nje, kutu imeshaanza chini. Redoksaidi ya mageti ni hivyohivyo, ingawa rangi yake nyekundu inawapa watu imani kubwa. Praima nyembamba ya asidi inashika chuma vizuri mno, lakini yenyewe ni utando mwembamba unaohitaji kufunikwa haraka, puti haikai juu yake, na haipatani na epoksi ila mtengenezaji awe ameruhusu kwenye maelezo yake. Isitumike kamwe juu ya bati lililopakwa dawa ya asidi.

Epoksi ya makopo mawili ndiyo ninayoipendekeza. Inashika chuma kilichopigwa msasa, inazuia maji, na inapokea puti juu yake. Ni ghali. Nilipopiga hesabu ya rangi ya baba iliyokwanguliwa yote na kutupwa, ilikuwa rahisi.

Fuata kipimo cha kopo lako: kuna za sehemu moja ya praima kwa moja ya hadena (kigandishi chake), kuna za mbili kwa moja, kuna za nne kwa moja. Pima kwa kikombe chenye alama. Hadena ya zaidi haifanyi ikauke vizuri zaidi, inaiharibu. Nyingi zinatakiwa zikae dakika 15 hadi 30 baada ya kuchanganywa kabla ya kupulizwa, na mafundi wengi wanairuka hatua hii kwa haraka. Ngozi ikipata mzio wa hadena ya epoksi huwasha maisha, kwa hiyo glavu. Rangi za juu zenye hadena ya isosayaneti ni hatari zaidi kwa mapafu, na kwa hizo barakoa ya vichujio pekee haitoshi kama unapuliza kila siku chumbani. Inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje.

Kompresa zetu za pwani zinatengeneza maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi, na mchana tena. Kabla ya bunduki weka kichujio cha maji, lakini kiwe mbali na tangi, baada ya mita kadhaa za bomba la chuma, ili hewa ipoe na maji yajitenge kabla hayajakifikia. Puliza hewa kwenye kioo kikavu kwa nusu dakika. Kikipata ukungu, usipulize praima.

Piga kanzu mbili kamili, yaani tabaka mbili, ukipumzika kati yake kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, nusu saa hivi kwa nyingi. Anza na kingo, mikunjo na ndani ya matao, halafu ndipo uso mpana. Kingo ndizo hupata rangi nyembamba na ndizo hushika kutu mwanzo. Mahali bunduki haifiki, tumia brashi. Hakuna atakayekuona, na chuma hakijali.

Puti baada ya epoksi, na bila maji

Desturi ya gereji nyingi ni puti juu ya bati tupu, kisha msasa wa maji. Puti ya kawaida ina unga wa talki, nayo hunywa maji kama mkate. Ukiisugua kwa maji, unyevu unapenya hadi kwenye chuma na kubaki hapo, umefunikwa na rangi nzuri. Tone nililolikuta chini ya kipele cha Pijo liliingia namna hii, naamini hivyo.

Piga epoksi kwanza. Ikishakomaa na ungali ndani ya muda wa kupaka juu yake ulioandikwa kwenye kopo, weka puti nyembamba, uisugue kwa msasa mkavu. Muda ukipita, ikwaruze kwanza kwa msasa namba 180. Ukitoboa hadi chuma wakati wa kunyoosha, na utatoboa, rudia usafi na uguse tena kwa epoksi siku ileile. Msasa wa maji ubaki kwa praima ya juu, puti ikiwa imezibwa kabisa.

Maungio yapakwe sila, ile gundi ya kuziba, juu ya epoksi, si juu ya chuma. Nta ya ndani ya vizingiti na milango ingoje hadi rangi ya mwisho iwe imekauka. Ukiipiga mapema itachuruzika na kuchafua kila kitu. Oili chafu ya injini, ambayo wazee wengi hupaka chini ya gari, ina asidi na inafuata nyufa zote. Kabla ya rangi isiwepo hata banda zima.

Epoksi haipendi jua. Inachakaa na kuwa unga. Ukipiga gari zima epoksi na kuliegesha nje miezi sita ukitafuta pesa ya rangi, itabidi uikwangue juu na kupiga kanzu nyingine. Chini ya banda, au chini ya turubai lisilogusa bodi, inakaa vizuri.

Umeme ukikatika katikati

Hutokea. Bati liko wazi, saa kumi na moja, kompresa imezimika. Epoksi kwa brashi ni bora kuliko bati tupu, hata ikiwa na mistari. Kesho utaisawazisha kwa msasa. Kama haijachanganywa na huna namna, pitisha mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa, ufunike kwa shuka safi, na kesho uanze upya kuanzia kuondoa mafuta, kisha msasa, kisha kuondoa mafuta tena. Ni kazi mara mbili. Bado ni nafuu kuliko kutu ya usiku mmoja wa pwani.

Wenye Land Rover za zamani wajue kwamba bodi yao nyingi ni aluminiamu juu ya fremu ya chuma. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe, hasa pale inapogusana na chuma na chumvi ikawa kati yao. Msasa na brashi vilivyotumika kwa chuma visitumike hapo, kwa sababu chembe za chuma zinazobaki ndizo zinazoanzisha ugonjwa. Epoksi iliyoandikiwa aluminiamu iwe pande zote mbili za maungio kabla ya kuyafunga.

Pijo ilinichukua wiki tisa, kipande kwa kipande, Jumamosi na Jumapili. Nilianza na madigadi la kushoto la nyuma, lililokuwa na vipele vingi. Jumamosi ya kwanza nilipiga kanzu ya pili ya epoksi saa nane na nusu mchana, nikafunga banda. Asubuhi yake nikalipitishia tochi kutoka pembeni, inchi kwa inchi, baba akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Hapakuwa na doa. Nikatoa mpini wa mlango na kuanza kipande cha pili.